Kijiti Kwenye Kontakta

Kiwanda kimoja kidogo cha kukamua alizeti kilikuwa na fundi umeme mpole, wapendwa, mtu wa huruma za haraka haraka hata wenzake wakamtania kwa hilo.

Mnaofanya kazi viwandani mnaijua kontakta, kile kifaa kinachokaa ndani ya boksi la umeme ukutani. Ukibonyeza kitufe cha kijani, inabana na mashine inaunguruma. Ukibonyeza chekundu, inaachia, mashine inazima. Na mota ikielemewa, inaachia bila kuguswa na mtu.

Sasa, wiki ile ya mavuno kontakta ilikuwa inaachia kila baada ya dakika kumi. Fundi alijua kwa nini: beringi ya mota, zile gololi za kuizungusha kwa wepesi, ilikuwa imekwisha, mota ikawa inaelemewa, na kuibadilisha kungekula siku nzima. Lakini nje watu walikuwa wamejipanga na magunia yao, kinamama wametoka mbali kwa miguu na watoto mgongoni, wote wanamtazama yeye. Akaona haya kuwaambia warudi kesho. Akachonga kijiti, akakipachika ili kontakta ibane tu, isiachie tena kwa lolote. Mashine ikaenda, watu wakamshangilia, moyo wake ukatulia. Nani kati yetu, kwa huruma ile, asingefanya vilevile?

Saa nane mchana, upindo wa kanga ya mama aliyekuwa akilisha mashine ukanaswa, na mkono ukafuata. Fundi alisikia kelele akiwa nje, akakimbilia swichi kuu nyuma ya jengo. Alipoizima, vidole vitatu vya yule mama vilikuwa vimekwenda.

Kesho yake akaenda hospitali. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: beringi ilikuwa mbovu, watu walikuwa wengi, nia yake ilikuwa njema. Mama akamtazama bila hasira.

"Fundi, mimi nilibonyeza kile chekundu."

"Najua, mama."

"Nikabonyeza tena, na tena. Nisamehe. Labda sikubonyeza vizuri."

Mnasikia? Aliyekatwa vidole ndiye anayeomba msamaha. Yale maneno yote aliyoyapanga fundi akayaacha, akakaa chini akalia.

Wapendwa, najua mlitegemea niseme juu ya dhamiri ya yule fundi. Leo hapana. Leo tumtazame huyu mama, maana tunaishi naye. Sisi ni watu wema. Tunakimbilia misiba ya jirani, hatukosi kikao cha kanisa, kila mtu huko nje anatusifu. Na nyumbani yupo mmoja anayesema, taratibu, inatosha, nimechoka. Amesema mwaka jana. Amesema juzi mezani. Tumeitikia "ndiyo, ndiyo" na tumeendelea. Siku hizi amenyamaza, nasi tunamshukuru Mungu kwamba nyumba ina amani.

Ile si amani. Ni mtu aliyekaa peke yake chumbani, akijiuliza ni wapi alikosea kusema.

Basi ibada ikiisha, msibaki hapa nje kusalimiana. Nenda nyumbani, kaa karibu naye, mwombe aseme upya. Akianza, usijitetee. Mwache aseme mpaka amalize.