Pingu Hazilimi

Pingu hazilimi. Methali hii ilianza hivi, Bibi Naetwe aliwaambia wajukuu zake, walipomsikia akiwatolea methali hiyo majirani wawili waliokuwa wakitishiana polisi, wakataka kujua ameipata wapi.

Zamani hizo, huko milimani Upare, mfereji wa kijiji ulikuwa bado wa udongo mtupu. Maji yalipofunguliwa alfajiri yalisikika mpaka jikoni, na kila nyumba iliijua zamu yake. Baba yake Naetwe, Kiariro, alipakana shamba na Sekiete, mtu waliyechunga naye mbuzi tangu utotoni.

Mwaka mmoja mvua zikawa haba. Kiariro akaanza kuyashikilia maji hata zamu yake ilipokwisha. Asubuhi moja, siku ya zamu yake, akakuta Sekiete ameuziba mfereji kwa matope na magome ya migomba.

"Mwizi mkubwa wee!" Kiariro alifoka. "Na huyo mwanao unamlea kwa wizi!"

Sekiete akainua jembe. Pigo lilimvunja Kiariro vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Polisi walimchukua Sekiete, akawekwa rumande. Kiariro, mkono umefungwa bendeji, akaapa mbele ya watu kwamba hatatulia mpaka mwenzake afungwe.

Lakini palizi haikungoja kesi. Kila asubuhi Kiariro aliketi kizingitini akitazama magugu yanavyomeza mahindi yake, na ng'ambo ya mfereji mahindi ya Sekiete nayo yakimezwa. Nakunda, mke wa Sekiete, alilima peke yake, mtoto mgongoni. Siku moja alivuka mfereji bila hata salamu, akapalilia mistari mitatu kwa Kiariro, akarudi kwake. Siku hiyo Kiariro aliona haya hata chakula kikamshinda.

Siku ya kesi Sekiete aliletwa amekonda, pingu mikononi. Hakimu akamwuliza Kiariro kama ana neno.

"Mheshimiwa," alisema Kiariro, "nilitaka afungwe. Lakini mkono wangu haushiki jembe, na mikono yake mmeifunga. Sasa nani atalima? Pingu hazilimi."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Kosa hili mnaweza kupatana," alisema, "ila kwanza kila mmoja aseme kweli yake."

"Nilimpiga," alisema Sekiete, macho chini. "Na zamu ilikuwa yake."

"Nami nilizoea kuyashikilia maji kupita zamu yangu," alijibu Kiariro. "Tena nikamtukania mwanawe."

Wakakubaliana Sekiete alipe matibabu na alilime shamba la Kiariro misimu miwili. Kiariro naye amwachie maji ya zamu yake ya Alhamisi asubuhi. Pingu zikafunguliwa palepale.

Vidole vile havikukunjika tena. Misimu miwili ikaisha, na wa tatu ulipoingia Sekiete bado alivuka na jembe lake, akiita, "Kiariro, umeamka?" Naetwe alikua akiamshwa na sauti hiyo, akitoka na kumkuta baba yake ameshaweka uji wa watu wawili barazani, ingawa kila siku walibishana nani achote kwanza.

Wazee wale wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Angefungwa yule," alisema Bibi Naetwe, "mimi ningekua na njaa, na baba yangu angezeeka bila rafiki. Pingu, wanangu, hazilimi."