Ufunguo wa Chumba Kisichovuja

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana baiskeli zilikuwa zimekwisha kufika, kulikuwa na mji milimani ulioitwa Masyeto. Mvua ya Masyeto haikuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika wakati wa chai, kisha ikarudi na ndugu zake. Sokoni watu walifanya kazi chini ya miavuli, chini ya magunia, chini ya majani ya migomba, na bado jioni walirudi nyumbani wakichuruzika.

Katikati ya mji palikuwa na boma kongwe la mawe, na katika boma hilo palikuwa na chumba kimoja kinachotazama soko. Kilikuwa kidogo. Ukipiga chafya humo, paji la uso linagonga ukuta. Lakini hakikuvuja! Watu walikuwa wakisimama mlangoni kuchungulia tu, wauone ukavu, kisha wanakwenda zao wakisikitika.

Aliyekitamani kuliko wote alikuwa Subilaga, fundi baiskeli. Mikono yake ilikuwa mizuri, na mwenyewe alijua. Tatizo ni gundi. Gundi ya kubandikia viraka haikauki mvuani, kwa hiyo tyubu aliloziba leo, kesho limerudi. Watu wakambandika jina, wakamwita Fundi Kesho. Alicheka pamoja nao, lakini lilimuuma. Na kaka yake alikuwa amekwisha kumwambia: "Masika yakianza na bado uko chini ya mwavuli, funga vyombo urudi nyumbani tuchume chai." Masika yalikuwa yamebakiza wiki moja.

Basi siku hiyo mwenyekiti wa soko, Bibi Atuganile, akapanda juu ya kreti akatangaza: "Mashindano! Mtaanzia Ndobwe, mji wa kale wa misheni. Mtapanda mlima, mtapita msitu wa Lwifwa, mtateremka mpaka ziwani mkagongewe muhuri, kisha mtakuja hapa. Baiskeli moja, watu watatu, na wote watatu wafike. Washindi nitawapa ufunguo wa chumba cha boma!"

Watu wakashangilia. Hakuna aliyeuliza watu watatu watafanyaje na chumba cha mtu mmoja. Sheria zilitungwa na kamati, na kamati ilikuwa imekaa mvuani, ina haraka.

Subilaga akawachukua majirani zake wawili wa sokoni. Wa kwanza Ambakisye, fundi wa katambuga, viatu vile vinavyochongwa kwa matairi ya zamani. Huyu alikuwa na mchumba, na baba wa mchumba alikuwa amesema waziwazi kwamba hatoi binti kwa mwanamume anayefanyia kazi kwenye tope. Wa pili Tusekile, mke wa mtu, mpika chapati. Mvua ilimzimia jiko mara tatu kwa siku, na kila likizimwa chapati inangoja, na chapati ikingoja inakuwa ngumu. Wateja hawakusema kitu, ila walitafuna kwa muda mrefu.

Siku ya mashindano ikafika, masika yako mlangoni. Wakapanda, wakasukuma. Wakapanda, wakasukuma. Mbele yao walikuwa makarani watatu wa shamba la chai wenye baiskeli mpya, ina gia sita na kengele, na kengele hiyo waliipiga hata pasipokuwa na mtu wa kupisha.

"Dada Tuse," Ambakisye akahema, "ndoo hiyo mgongoni ina nini?"

"Chapati ishirini na tano. Nitaziuza tukifika."

"Tulisema tubebe maji tu!"

"Na mimi nilisema sawa. Sikusema nakubali."

Wakaumaliza msitu wa Lwifwa, wakatokea ukingoni. Chini kabisa waliliona ziwa, la duara, limetulia. Njia yote mpaka huko ilikuwa mteremko. Subilaga akakaa kwenye tandiko, Ambakisye akakaa kwenye bomba la mbele, Tusekile akapanda kwenye kareri ya nyuma na ndoo yake. Baiskeli ikaanza kushuka. Subilaga akabana breki. Akabana tena.

"Kaka Amba, breki ziko wapi?"

"Nilizitoa jana, tupunguze uzito."

"Ulizitoa!"

"Kwani tunapanda mlima!"

Msimcheke sana. Ambakisye alizaliwa bondeni, na kila njia aliyoijua ilianzia mlangoni kwao kwa kupanda. Habari ya kushuka hakuwa ameifikiria.

Walishuka wakipiga kelele kwa sauti tatu. Mbuzi walipisha. Mzee mmoja alipisha, akarudi kuchukua kofia, akapisha tena. Wakawapita makarani, ambao kwa mara ya kwanza walisahau kupiga kengele. Ziwa likawa linakuja, kubwa, karibu. Hapo Ambakisye akasema, "Mungu wangu, za harusi hizi," akashusha miguu yote miwili. Katambuga zake zilikuwa mpya, amezichonga mwezi mzima kwa ajili ya siku yake ya ndoa. Zikafuka moshi, zikanuka, zikalia kama nguruwe, na baiskeli ikasimama gurudumu la mbele likiwa limeshalowa. Miguuni kwa Ambakisye zilibaki kamba tu. Nyayo zake zilikuwa na malengelenge yasiyohesabika.

Pale ziwani alikaa mgonga muhuri chini ya mwavuli wake. Alikuwa Mzee Mwakibete. Tusekile akamwona. Aliruka na ndoo yake, akatokomea kwenye migomba.

Mzee Mwakibete alikuwa baba mkwe wake. Na kwa desturi ya huko, mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hataji jina lake. Akikutana naye anajificha mpaka apite. Mzee naye, kwa heshima ileile, akaushusha mwavuli ukamfunika uso.

"Watu wawili," akasema kutoka nyuma ya mwavuli. "Sheria inasema watatu."

"Wa tatu yuko migombani, mzee," akajibu Subilaga.

"Simwoni."

"Hutakiwi kumwona!"

"Sasa muhuri nimgongee wapi?"

Makarani wakafika, wakagongewa, wakaondoka. Kengele ikarudi kazini. Kri, kri! Subilaga nusura alie. Akaingia migombani, akatoboa tundu katika jani, akaupitisha mkono wa Tusekile. Mzee akafumba macho, akagonga. Akagonga paji la uso la Ambakisye. Akagonga tena, akapata pua ya Ambakisye. Mara ya tatu Subilaga akaushika mkono wa mzee mwenyewe na kuupeleka panapohusika.

"Kijana," mzee akamwambia Ambakisye, macho bado kayafumba, "mwambie mkwe wangu chapati zake nazipenda, ila jino langu moja limebaki kwenye ya juzi."

"Yuko hapa hapa, mzee, anasikia."

"Simsemeshi yeye. Nakusemesha wewe."

Wakaondoka. Hawakufika mbali. Tairi la nyuma likasema psss, likalala. Subilaga akalifungua, akatazama, na uso ukamwiva. Kilichobanduka kilikuwa kiraka chake mwenyewe, alichokibandika juzi kwenye manyunyu.

"Fundi Kes..." Ambakisye akaanza, akajing'ata ulimi.

Gundi haikuwa na maana, mvua ilikuwa inanyesha. Subilaga alijua njia moja tu, kulijaza tairi kitu kikavu kilichokaza. Akajaribu nyasi, zikateleza. Akajaribu majani ya migomba, yakatoa maji. Hapo akaitazama ndoo yenye kifuniko, iliyofungwa kwa vitambaa vitatu.

"Dada Tuse, nipe chapati."

"Una njaa?"

"Tairi lina njaa."

Tusekile akaikumbatia ndoo. Ulikuwa unga wake wa mwisho, na nyumbani hakuacha hata kikombe. Alilia, kweli alilia, kisha akafungua. Subilaga akazikunja moja moja, akazikaza, akazisukuma ndani kwa mpini wa kijiko alichofungulia tairi mpaka ishirini na tano zikaingia. Chapati nyingine yoyote ingesagika. Hizi zilistahimili. Ambakisye akawa anasukuma peku, wengine wakipanda kwa zamu, na gurudumu likienda kwati, kwati, kwati.

Mlangoni mwa Masyeto barabara ni ya mawe ya kale, yamesimama na ncha zake juu. Makarani waliingia kwa mbwembwe. Pu! Tairi la mbele. Pu! La nyuma. Wakaanza kulaumiana. Nyuma yao ikaja kwati, kwati, kwati. Tairi la chapati halipasuki, litapasuka nini? Wakawa wa kwanza kuvuka kamba ya mwisho sokoni, wote watatu, mmoja peku, mmoja na ndoo tupu, mmoja na unga mpaka viwikoni.

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Bibi Atuganile akatoa ufunguo. "Haya, ingieni mkae pamoja."

Wakajaribu. Tusekile akakopa unga kidogo, akawasha jiko, unga ukaingia kwenye gundi. Ambakisye akachonga tairi, chapati ikanuka mpira. Tusekile akainama kupuliza moto, na Ambakisye akajikuta yuko nje bila kukusudia. Ikawa wazi kwamba chumba ni cha mmoja.

"Basi ni changu," akasema Ambakisye. "Bila miguu yangu, sasa hivi mngekuwa mnaongea na samaki. Viatu vya harusi nimevichoma, na harusi yenyewe inangoja chumba hiki."

"Na breki alizitoa nani?" akauliza Tusekile. "Chumba ni changu. Mlishinda kwa unga wangu wa mwisho. Mlinikataza kubeba ndoo, na ndoo ndiyo iliyowafikisha. Leo nyumbani kwangu hakuna chakula."

"Na aliyejificha migombani mpaka tukapitwa nani?" akasema Subilaga. "Ni mimi niliyewaita. Ni mimi niliyeugongesha muhuri, ni mimi niliyelijaza tairi. Chapati peke yake haijui njia ya kwenda Masyeto."

"Na kiraka kilichobanduka kilikuwa cha nani?" wakauliza wawili kwa pamoja.

Wakati wanabishana, Bibi Atuganile alikuwa amechomoa chapati moja tairini, akaikung'uta, akaionja. Akaonja tena. Ilikuwa laini! Maili zote zile za kukandamizwa zilikuwa zimeilainisha, na watu wakaanza kupanga foleni nyuma ya gurudumu.

"Mnaona?" Tusekile akasema. "Jiko langu likipata pakavu, mji mzima utakula hivi."

"Aliyezikanda ni mimi!" akasema Subilaga.

"Niliyesukuma ni mimi," akasema Ambakisye, akiinua unyayo ili kila mtu auone.

Bibi Atuganile akachoka. Akamtia Subilaga ufunguo mkononi. "Wewe ndiye uliyewakusanya, kwa hiyo amua wewe. Na uamue upesi, mawingu yale hayanifurahishi."

Subilaga akaufumba ufunguo. Akatazama miguu ya Ambakisye, ikamtia huruma. Akatazama ndoo ya Tusekile, tupu kabisa. Akataka kusema "mimi," na neno lilikuwa tayari mdomoni, na halikuwa neno la uongo. Kwenye kundi la watu alimwona kaka yake amesimama, amekwisha kuja na kikapu cha kuchumia chai, kipya, cha ukubwa wa mgongo wake. Tone la kwanza la masika likamwangukia mkononi, likafuatwa na la pili, na foleni ya chapati ikaanza kutawanyika.

Sasa ninyi mnaocheka huku mmekaa pakavu, mimi nimefika mwisho na sijui. Mlango ni mmoja, wanaongoja ni watatu, na mvua imeshaanza. Je, nani alistahili kuingia ndani?