Gadi Aliyekosa wa Kumpokea

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usisimame katikati kama mbuzi anayekisia mvua. Anayechambua mchele aweke sinia chini, maana mchele nao unasema, na mimi sina sauti ya kushindana nao. Nyamazeni kidogo tu. Mfano wenyewe ni mfupi, na mimi nimechoka.

Mtu mmoja alikuwa na behewa ambalo halikuwa lake. Jina lake Mzee Kobelo, gadi wa treni za mizigo kwa miaka thelathini na mmoja. Dereva hukaa mbele, watu wakampungia mkono. Gadi hukaa nyuma kabisa, peke yake, katika behewa dogo la breki. Treni ikiteremka mlima, ni yeye anayezungusha gurudumu la breki ili mzigo wote usimsukume dereva korongoni. Na nyuma ya behewa lake hutundikwa taa nyekundu, taa ya mkia. Stesheni masta akiiona inapita, anajua treni imefika nzima, hakuna behewa lililokatika njiani.

Magadi wa reli ile walikuwa na desturi yao. Gadi hashuki mpaka mwenzake apande. Humwambia, "Mkia upo," na mwenzake hujibu, "Nimepokea." Hapo ndipo anapata ruhusa ya kuchoka.

Siku ya mwisho ya Mzee Kobelo kazini, hakupanda mtu. Mabehewa ya gadi yalikuwa yanaondolewa, na lile lake ndilo lililokuwa limebaki. Alisimama mlangoni na bendera zake mkononi mpaka jua likamhama. Kisha akashuka, akaenda nyumbani. Lakini ulioshuka ni mwili tu.

Miaka ikapita. Mkewe akatangulia, naye mzee macho yakazimika, akawa mtu wa kitandani. Kila alasiri alijiinua nusu, akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akauliza, "Nani ananipokea?" Chakula alikigusa tu. Usingizi ulimjia kwa kumshinda, si kwa kumkaribisha. Binti yake, Semeni, ndiye aliyemuuguza. Mwaka wa kwanza alimuuguza kwa huruma, wa pili kwa mazoea, wa tatu kwa kuuma meno. Siku moja akamjibu ili mradi anyamaze, "Nimepokea, baba. Lala." Mzee akasema, "Umepokea nini? Uko jikoni wewe, nakusikia na mwiko wako."

Semeni alikuwa na mdogo wake, Mrisho, mwenye kazi mjini. Siku moja Mrisho akaja na boksi alilolipata mnadani, katika vyombo vya mgeni mmoja aliyekuwa anahama. Ndani mlikuwa na vipande vya behewa la breki, dogo, urefu wa kiganja, la kuunganisha kwa gundi. Wapo watu wazima huko duniani wanaochezea treni za namna hiyo. Mrisho si mtu mbaya, msimhukumu. Alikaa barazani kutwa nzima, akaunganisha kuta, akaweka magurudumu, akafunga paa, akapaka rangi ileile ya ugoro ya zamani. Hata namba aliandika. Majirani wakasema hilo bado kupiga honi tu. Ndani aliliacha tupu, kwa kuwa boksi halikuja na vitu vya ndani. Semeni alipomuuliza, alicheka. "Dada, paa likishafungwa nani atachungulia? Panya?"

Wakampa mzee. Akapapasa magurudumu, akaitikia kwa kichwa. Akapapasa vingazi vya mlangoni, akaitikia. Kisha akalileta sikioni, akalitikisa polepole, kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji. Uso wake ukaanguka.

"Hamna mtu humu," alisema.

Akalirudisha, akageukia ukutani. Siku mbili hakula. Mrisho akarudi mjini na uchungu wake, maana alifanya kazi kutwa na hakuambiwa asante.

Semeni alibaki. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu akiangusha kijiko analia. Siku ya tatu akachukua kisu cha vitunguu, akakipenyeza chini ya paa la lile behewa, akalibandua. Kona moja ikavunjika. Akakaa sakafuni kando ya kitanda, akauliza, "Baba, mle ndani mlikuwa na nini?" Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mzee akaujibu ukuta. "Benchi."

"Pana kiasi gani?"

"Jembamba. Likiwa pana litakulaza."

Semeni akalichonga kwa ubao wa kiberiti. Kesho yake mzee akasema jiko, la makaa, dogo, kwa sababu mkono wenye baridi haushiki breki. Akalitengeneza kwa kizibo cha soda. Keshokutwa, kidirisha cha ubavuni, ili gadi awaone walio mbele wanapopinda kona. Ndoano za bendera zikawa pini mbili, na bendera zenyewe zikatoka kwenye pindo la kanga yake, nyekundu na kijani. Gurudumu la breki likawa kifungo cha blauzi juu ya msumari. Kila kitu mzee alikigusa kwa ncha ya ukucha, akakataa au akakubali, na siku aliyokubali alimaliza uji.

Mwisho Semeni akamfinyanga gadi kwa udongo. Na hapo huruma ikampotosha. Alimkalisha kwenye benchi, mgongo ukutani, kikombe cha chai mkononi, kama vile yeye mwenyewe alivyotamani kukalishwa. Ukucha wa mzee ukapita, ukasimama kwenye kikombe. Akacheka. Semeni alikuwa amesahau kicheko cha baba yake kikoje. "Huyu ni abiria, mwanangu. Gadi gani anakunywa chai kwenye mteremko?"

Semeni akamvunja, akamfinyanga upya, amesimama, mikono yote miwili kwenye gurudumu.

Zilipita wiki tatu. Paa akaliegesha tu bila gundi. Alasiri moja mzee alipojiinua na kushika ubao wa kitanda, Semeni akamwekea behewa mapajani. Mzee akaliondoa paa. Kidole chake kidogo kikaingia, kikapita kwenye benchi, kikapita kwenye jiko, kikagusa bendera, kikafika kwenye gurudumu, kikakuta pana mikono. Kikatulia hapo muda mrefu.

"Mkia upo," akasema.

Safari hii Semeni hakujibu akiwa jikoni. Alipanda kitandani, akapiga magoti upande wa miguuni pa mzee, akalipokea behewa kwa mikono miwili. "Nimepokea." Mzee akauachia ubao. Akalala alasiri hiyo, akalala na kesho yake, na asubuhi ya tatu hakuamka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshuka stesheni yake mwenyewe.

Baada ya arobaini wakagawana. Mrisho alirithi nyumba na kiwanja cha nyuma. Behewa nalo akalichukua, kwa kuwa ndiye aliyelileta, akalipiga paa gundi ili vitu visidondoke. Liko mjini, kwenye kabati lake la vioo, na wageni huisifu rangi. Semeni alirithi bendera mbili za kweli, filimbi isiyolia tena, na usingizi wa mchana. Mimi nilirithi habari hii, aliyonisimulia Semeni mwenyewe tukisuka ukili, bila kuinua macho.

Na yule gadi wa udongo amebaki mle ndani, chini ya paa lililofungwa, gizani, mikono yote miwili kwenye gurudumu. Basi niambieni, ninyi mliochoka kwa kazi ambayo hakuna anayeiona: breki imewahi lini kushika kwa sababu inatazamwa?