Mgeni Rasmi wa Uji wa Majabali

Paukwa!

Pakawa.

Ebo, hiyo ndiyo pakawa yenu? Mmeshiba sana au mmelala? Na wa nyuma nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Na mji!

Na mjini je?

Watoto hawana uji, wakubwa hawana nafasi!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga maghorofa na kusalimiana kwa vyeo, palikuwa na mji uitwao Majabali. Mji mkubwa huo. Ulikuwa na taa, ulikuwa na lami, ulikuwa na vikao. Na watoto wenye njaa ulikuwa nao, tena tele, ila hao walikaa upande wa machimbo, ambako lami iliona uvivu kufika.

Huko machimboni aliishi pimbi mmoja mjane, kazi yake kuponda kokoto. Walimwita Mama Sikudhani, kwa jina la mwanawe wa pekee. Asubuhi nyundo, mchana nyundo, jioni nyundo. Kokoto zake zilijenga maghorofa yote ya mji ule, na yeye na mwanawe walilala chini ya jiwe.

Mwaka huo mvua ilikataa. Chakula kikaadimika, na Sikudhani akaanza kukonda. Kwanza akaacha kukimbia. Kisha akaacha kusimama. Kisha akaacha hata kulia, na hapo ndipo mama yake alipoingiwa na hofu ya kweli. Muuguzi wa mtaa, Bi Njiwa, akamtazama mtoto, akamshika manyoya yaliyogeuka rangi, akasema huyu hana ugonjwa, ana njaa. Akipata uji wa kushiba atainuka. Asipopata, mwezi hauishi.

Msihuzunike mapema jamani. Majabali ulikuwa mji wa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na ofisi. Ofisi tatu.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya Mzee Tembo. Yeye alikuwa na sufuria, kubwa ajabu, ya kupikia mtaa mzima. Kila Jumatatu aliwaita watoto wa machimboni, akawapanga mstari, akawaonyesha sufuria. Wakaitazama. Wakaruhusiwa kuigusa. Wakapigwa picha nayo, wakarudi makwao.

Ofisi ya pili ilikuwa ya Bi Mbuni. Yeye alikuwa na ghala la unga wa ulezi. Kila Jumatano alimpa kila mtoto kiganja kimoja cha unga mkavu. Watoto wakaulamba, wakapaliwa, wakakohoa vumbi. Bi Mbuni akaandika kwenye daftari kwamba tatizo la watoto wa machimboni ni kikohozi.

Ofisi ya tatu ilikuwa ya Bwana Nyani. Yeye alikuwa na kuni na maji. Kila Ijumaa, saa sita mchana, jua la utosi, aliwasha moto mkubwa akawaalika watoto waje waote.

Na wote watatu walifanya kazi kwa moyo mweupe, msiwacheke. Haya, chekeni kidogo.

Mama Sikudhani alikwenda Jumatatu, mtoto mgongoni, akaiona sufuria. Akaenda Jumatano, akauona unga. Akaenda Ijumaa, akauona moto. Naye, kwa kuwa hakuwa na elimu ya mambo hayo, akaliona jambo ni jepesi. Akamwendea Mzee Tembo, akamwamkia, akamwomba amwazime Bi Mbuni sufuria. Mzee Tembo akamweleza kwa upole kwamba sufuria ni mradi wake, na mradi hauazimwi. Akamwendea Bi Mbuni. Bi Mbuni akasema unga wake ukiingia sufuria ya mtu, watoto watamshukuru mwenye sufuria. Akamwendea Bwana Nyani. Bwana Nyani akasema moto ukifunikwa na sufuria hauonekani vizuri pichani.

Mama Sikudhani akarudi machimboni, akakaa, akafikiri. Kesho yake akapita tena ofisi zote tatu. Safari hii hakuomba kitu. Alimnong'oneza Tembo tu kwamba amesikia Mbuni na Nyani wanaungana, na watatangaza kabla yake. Akamnong'oneza Mbuni kwamba Tembo na Nyani wanaungana. Akamnong'oneza Nyani kwamba Tembo na Mbuni wameshashona fulana.

Weee! Jua halijapanda, wakubwa hao watatu wakakutana njiani, kila mmoja anahema, kila mmoja anadai kwamba wazo la kuungana alikuwa nalo tangu utotoni.

Wakaungana. Wakauita Umoja wa Wafadhili Wapenda Watoto wa Majabali, kwa kifupi UWAWAWAMA, jina ambalo ukilitamka haraka unajiuma ulimi. Wakafanya kikao cha kwanza, cha kuchagua hilo jina. Wakafanya kikao cha pili, cha rangi ya fulana. Wakafanya kikao cha tatu, cha kupanga siku ya tukio. Katika vikao vyote walikula sambusa, maana kujadili njaa na tumbo tupu kunachosha sana. Mama Sikudhani alikaa nje ya dirisha, mtoto mapajani, akinusa sambusa na kuhesabu siku alizotaja Bi Njiwa.

Siku ikafika. Sufuria ikatoka, unga ukatoka, moto ukawaka. Uji ukapikwa, nawaambia, uji mzito wenye harufu ya kumtoa mgonjwa kitandani. Watoto wakaja na vikombe vya bati, na makopo, na vifuu. Mama Sikudhani akapenya mpaka mbele. Bwana Nyani, aliyekuwa msema chochote wa sherehe, akamzuia kwa karatasi ya ratiba.

"Subiri, mama," akasema. "Mgeni rasmi hajafika."

Kwa nini mnacheka? Kwenu hamna? Majabali jambo halikuanza bila mgeni rasmi. Bomba la maji lilikaa limefungwa mpaka mgeni rasmi aje alifungue. Daraja lililokwisha kujengwa halikuvukwa. Watu waliogelea chini yake mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Sembuse uji. Na mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kiboko, kutoka mtoni, ambaye kwa siku moja alikuwa na sherehe tano na usingizi mara mbili.

Basi watoto wakaambiwa waimbe kumkaribisha:

Karibu mgeni, karibu mtukufu,
Uji u tayari, matumbo ya wazi.

Wakaimba asubuhi. Wakaimba mchana. Kiboko akafika alasiri, akaketi kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa chekundu, akatoa hotuba kuhusu ubaya wa njaa mpaka jua likaegemea mlima. Alipomaliza, uji ulikuwa umeganda, una ngozi juu na nzi juu ya ngozi. Bi Mbuni, ambaye ni mtaalamu, akachovya mdomo, akasema uji huu ni hatari kwa afya ya watoto. Ukamwagwa mbele ya watoto. Walionufaika na awamu ya kwanza ya mradi ni sisimizi.

Wiki ikapita. Wakapika tena. Mara ya pili Mheshimiwa Kiboko alifika mapema, kwa bahati mbaya. Watoto wakaimba, sauti imeshuka kidogo:

Karibu mgeni, karibu mtukufu,
Uji u tayari, matumbo ya wazi.

Lakini bango halikuwa tayari. Tembo alitaka jina lake liwe juu kwa sababu ya ukubwa. Mbuni alitaka lake liwe juu kwa sababu ya shingo. Nyani akasema yeye ndiye anayejua kupanda, basi juu ni pake. Wakabishana, wapishi nao wakaacha miiko wakaja kusikiliza nani atashinda. Kiboko ngozi ikaanza kumpasuka kwa jua, akanuna, akarudi mtoni. Harufu ya kuungua ilipowafikia, uji ulikuwa umeshikamana na sufuria kama lami.

Siku hiyo Mama Sikudhani alimbeba mwanawe kurudi nyumbani, na shingo ya mtoto ikawa haikai. Hakushika nyundo. Alikaa chini akalia, na alipomaliza kulia, hasira zikampanda. Akakumbuka yote aliyoyaona siku zile mbili. Akagundua kwamba hakuna aliyewahi kumtazama mgeni rasmi usoni. Walitazama kiti. Kiti kikijaa, Nyani huinamia ratiba akaisoma, na kilichoandikwa kwenye ratiba hutendeka, liwalo na liwe.

Wakapika mara ya tatu. Kulipokucha, wakubwa wakiwa bado wanafungana tai, Mama Sikudhani akamwosha mwanawe, akamfunga kitenge chake kizuri, kilichobaki kimoja, akamketisha kwenye kiti chekundu, akamwegemeza asianguke. Kiti kilikuwa cha kiboko, mtoto ni wa pimbi. Mbele yake kulikuwa na chungu cha maua, kwa hiyo kilichoonekana ni kitenge kilichotandaa kitini na maua tu. Mama akajitenga pembeni.

Nyani akapita, akaona kiti kimejaa. Hakuinua macho zaidi ya hapo. Miaka kumi ya sherehe hajaona sababu ya kuyainua. Akafungua ratiba akatangaza kwamba mgeni rasmi ameketi, wote wasimame. Wakasimama. Watoto wakaimba, sasa kwa kunong'ona tu:

Karibu mgeni, karibu mtukufu,
Uji u tayari, matumbo ya wazi.

Nyani akasoma kipengele kinachofuata: mgeni rasmi atauzindua uji kwa kuuonja. Mzee Tembo akachota kikombe, akapiga goti, akakipeleka kwa mkonga huku ameinamisha uso, maana mkubwa hatazamwi machoni. Kikombe kikapokelewa. Kikarudi kitupu.

Tembo akashangaa. Wageni rasmi hugusisha mdomo tu. Kisha kutoka nyuma ya maua ikatoka sauti nyembamba.

"Bado sijaonja vizuri."

Tembo akajaza cha pili, kikarudi kitupu. Akajaza cha tatu, kikarudi kitupu, kimelambwa. Hapo akashindwa kujizuia, akainua macho, akamwona Sikudhani, mdomo umejaa uji mpaka puani.

Maskini Mzee Tembo. Apige kelele, mji mzima ujue kwamba amempigia goti mtoto wa mponda kokoto? Akamnong'oneza Mbuni. Mbuni akamnong'oneza Nyani. Nyani akapekua ratiba, mbele na nyuma, akitafuta kipengele cha kusimamisha sherehe. Hakikuwepo. Akasoma kilichofuata: hotuba na maagizo ya mgeni rasmi.

Sikudhani akafuta mdomo kwa kitenge.

"Wapeni na wenzangu," akasema.

Hotuba ikaishia hapo. Na Majabali, agizo la mgeni rasmi halijadiliwi. Wapishi wakachota. Vikombe vya bati, makopo, vifuu, vyote vikajaa, na hakuna mtoto aliyeimba tena kwa sababu vinywa vilikuwa na kazi.

Alasiri Mheshimiwa Kiboko akawasili, na hotuba mpya kwapani. Akakuta sufuria tupu. Akakuta kiti chake kina mtu. Akauliza kwa sauti ya kutikisa machimbo ni nani aliyekaa mahali pake. Tembo akatazama miguu yake, ambayo ni minne, kwa hiyo alichukua muda. Mbuni akatafuta mchanga wa kufichia kichwa. Nyani akajificha nyuma ya ratiba.

Mama Sikudhani akatoka mbele.

"Ni mwanangu, Mheshimiwa," akasema. "Uji ulikuwa unamngoja yeye siku zote tatu. Sisi ndio tuliokuwa tunakungoja wewe."

Kiboko akafunua kinywa, na mnajua kinywa cha kiboko. Wote wakajua mama kaisha. Lakini alitazama watoto, matumbo yamewatoka mbele, wamelala kwenye kokoto wakicheua. Akafunga kinywa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kimebaki hata kikombe kimoja. Tembo akaigeuza sufuria, halikudondoka tone.

"Basi nitasoma hotuba," akasema Kiboko.

Akaisoma yote. Ilihusu umuhimu wa kufika mapema. Mama Sikudhani hakusikia hata neno. Alimtoa mwanawe kitini, akamwekea mkono tumboni, akalikuta gumu kwa shibe, lina joto, akalia mbele ya watu bila haya.

Na UWAWAWAMA je? Walikaa kikao. Wakaandika kwamba wazo la kumketisha mtoto lilikuwa lao. Kisha wakakwama, kwa sababu utaratibu ni utaratibu: uji usiozinduliwa haunywewi, na Kiboko hafiki kwa wakati. Wakaamua basi kila asubuhi mtoto mmoja wa machimboni awe mgeni rasmi. Mpaka leo Majabali wanazindua uji. Jumanne wanauzindua uji wa Jumanne, Jumatano wa Jumatano. Nyani anasoma ratiba, Tembo anapiga goti, Mbuni anapiga makofi, na watoto wanakunywa uji ungali moto. Mama Sikudhani akisikia wakisifiwa hana ubishi. Anaponda kokoto zake, na saa ya uji anaweka nyundo chini anasikiliza vikombe.

Ngano hii inatufundisha kwamba anayetaka kumsaidia mwenye njaa amtangulize mwenye njaa. Kiti kingoje, bango lingoje, hotuba ingoje. Vyote hivyo havina tumbo. Na wenye sufuria, unga na moto wakutane kwanza jikoni, ndipo wakutane kikaoni.

Ngano yangu imekomba kikombe, haikubakiza kitu. Aliyeipenda aende nayo nyumbani. Aliyechukia, kiti chekundu kile pale, akakae angoje kutangazwa.