Mwalimu Aliyefaulu Somo la Kupumzika

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto themanini na tisa, na yeye hakumzaa hata mmoja. Aliitwa Naelijwa. Alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule ya milimani kwa mwaka wa kumi na saba, na karibu kila kijana anayejua kusoma katika kata ile alishikwa mkono na mwanamke huyu alipoandika herufi yake ya kwanza. Hakujaliwa mtoto. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ukoo wake.

Ikafika asubuhi moja akasimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi, watoto wameshasimama kumwamkia, na miguu ikakataa kuingia. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauufikii. Akajilazimisha, akaingia, akafundisha, na hakuna aliyejua. Lakini moyoni alijiambia kwamba ikitokea tena ataandika barua ya kuacha kazi, na wazo hilo likamtisha kuliko ugonjwa wowote, kwa maana nje ya darasa lile hakujua yeye ni nani.

Wiki hiyohiyo mtu akatuma kwenye kundi la simu la walimu habari za mafunzo ya mtandaoni. Yalikuwa masomo manane, ya bure, ya mwalimu kujisaidia mwenyewe anapoelemewa na kazi. Unasoma somo kwenye simu, unapewa zoezi dogo la kufanya, kisha unaulizwa maswali. Naelijwa akajiunga siku ileile. Tumsifu kwa hilo, maana wengi wetu hungoja mpaka tuanguke ndipo tuokotwe.

Ila alijiunga kama mwalimu. Alinunua daftari jipya. Akapiga mstari wa pambizo kwa rula na kalamu nyekundu, akanakili kila somo na malengo yake na hitimisho lake. Somo la kwanza lilimwambia aketi kivulini dakika kumi kila siku bila kazi mkononi. Alilisoma amesimama, mwiko mkononi, maharage yakichemka, na rundo la madaftari ya kusahihisha likimngoja mezani. Akalielewa vizuri sana. Simu ilipomuuliza kama ameketi, akajibu ndiyo, kwa sababu aliona wazi kwamba ndiyo ndilo jibu linalotakiwa. Somo la tatu lilihusu kukataa mzigo usio wako. Siku hiyo mwalimu mkuu alimwomba ashike zamu ya mwenzake kwa mwezi mzima, naye akaitika. Jioni akaeleza kwa ufasaha njia nne za kukataa, akapata alama zote. Msimcheke sana. Hakudanganya kwa ubaya. Mtu aliyekaa miaka mingi upande wa kuuliza maswali, akiulizwa yeye hutafuta jibu lililo kitabuni, wala hakumbuki kuuliza mwili wake.

Alimaliza masomo manane kwa siku tisa. Akapata cheti chenye asilimia mia moja. Mwalimu mkuu alifurahi mno, akakibandika ukutani ofisini, akamwomba awafundishe wenzake mafunzo hayo kila Jumamosi. Naye akaitika tena. Wahenga walisema mganga hajigangi, na wengi wetu tumejificha ndani ya msemo huo. Huyu alikuwa na dawa kamili mkononi, akaanza kuigawa kabla hajaionja.

Jumamosi ya kwanza walimu kumi na mmoja waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Naelijwa alikuwa ameamka mapema kuja kujaza ubao mzima kwa mwandiko wake mzuri. Akawaambia wafumbe macho, walegeze mabega, wavute pumzi taratibu. Wakafanya. Yeye akapita katikati ya madawati akiwasimamia, akitazama saa, akiwarekebisha waliokaa vibaya. Dawati la nyuma akamkuta Mwalimu Mbonea, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, amelala fofofo. Akagonga dawati kwa rula, kama alivyozoea, akamuuliza kama anafuata somo. Mzee akafumbua macho, akamtazama bila kuudhika.

“Mimi zoezi ninalifanya, mwalimu mwenzangu,” akasema. “Wewe umelifanya lini?”

Jibu linalotakiwa Naelijwa alilijua: kila siku. Lilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa pili. Walimu wote walikuwa wamefumbua macho sasa, wanamwangalia. Akaona aibu kubwa, kisha aibu ikapita ukabaki uchovu peke yake, na akasema mbele yao wote kwamba hajalifanya hata siku moja, na kwamba analiogopa darasa lake. Mzee akasogea, akamwachia nafasi kwenye dawati. Naelijwa akaketi. Akalia, maskini, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mmoja wao akaenda mbele akafuta ubao, na siku hiyo hakuna aliyefundisha kitu tena.

Jumatatu alianza masomo upya. Simu ilipomuuliza kama ameketi kivulini, akajibu hapana. Simu ikamwambia arudie somo la kwanza. Kesho yake akajibu hapana tena, na ikamuuma, maana alikuwa hajawahi kufeli kitu. Siku ya nne aliketi kweli nyuma ya jiko la shule, juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavumilia dakika sita, na alipoulizwa akaandika kwamba ni sita. Majuma matatu alikaa kwenye somo la kwanza, yeye mwenye cheti. Zamu ya mwenzake aliirudisha. Mwalimu mkuu akanuna siku mbili, kisha akawaita wenye zamu wakagawana upya, na vipindi vya Jumamosi vikafutwa. Mafunzo yale hayakumpunguzia mtoto hata mmoja. Walibaki themanini na tisa, na jambo hilo si la simu kulitatua, ni la wenye mamlaka, na Mungu anawaona. Lakini muhula ulipoisha Naelijwa alikuwa bado anaingia darasani kwa miguu yake, wala hakuandika barua yoyote, na watoto walipomwamkia aliwasikia.

Basi wewe uliyeketi hapa, ambaye watu wote hukuegemea: leo ukitoka nje na ndugu yako akakuuliza u hali gani, utampa jibu lililo sahihi, au lililo la kweli?