Nguchiro, Tajiri wa Kwanza wa Mpira

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mpira ulichezwa jioni tu, wanyama wakishatoka shamba, alikuwepo Nguchiro. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna kimya kimya, hii si hadithi ya kuchekea.

Nguchiro alipenda mpira kuliko chakula, lakini hakupangwa hata siku moja. "Wewe? Si utakanyagwa!" wenzake walimcheka. Kazi yake ikawa kuokota mpira vichakani, miiba ikimchoma, na akirudi nao hakuna aliyemwambia ahsante. Ilimuuma sana.

Siku moja akamwendea Nyati, mfungaji hodari, aliyekuwa akiishi na mama yake mzee.

"Kaka Nyati, umewahi kucheza ukiwa umeshiba, mgongo hauumi?"

"Wapi! Nani atanilimia?"

"Weka jembe chini. Cheza kwangu, ule asubuhi, mchana na jioni."

"Loo! Nilishwe kwa kupiga mpira?" Nyati alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na mama je?"

"Mama atapelekewa mtama."

Nyati akakubali. Kiboko naye akaja, Ngiri naye. Nguchiro akauzungushia uwanja ua wa miiba, akaacha kilango kimoja. Anayetaka kutazama, aje na bakuli la nafaka! Hakuna aliyewahi kuwaza jambo hilo. Maghala yakajaa pomoni, na wale wale waliomcheka sasa wakamwita Tajiri.

Lakini tajiri wa mpira halali usingizi. Anaogopa wachezaji wake wasije wakamtoroka. Basi Nguchiro akawaweka kambini, akafukia chungu katikati ya uwanja.

"Hii dawa ya ushindi," akanong'ona. "Mwiko wake mmoja tu. Atakayetoka kambini kabla msimu haujaisha, miguu ya wenzake itavunjika. Kwa! Kama kuni."

Majitu yale yakatetemeka. Mchezaji anaweza kukubishia lolote, lakini dawa habishii. Hakuna aliyethubutu hata kuchungulia nje. Huko nyumbani mashamba yakaota magugu. Mtama wa mama Nyati ulipelekwa mara moja, basi, ukasahaulika.

Siku ya kuamkia fainali na timu ya Tembo, Kanga akaja mbio kilangoni, manyoya yamemsimama.

"Hodi, Tajiri! Mama Nyati hajiwezi. Ghala lake tupu, mwili umekwisha. Anamwita mwanawe, anasema amwone tu."

Moyo wa Nguchiro ukamruka, pa! Bila Nyati, Tembo angewafunga mpaka waombe poo. Na watu wangemcheka tena.

"Pole, dada Kanga. Namwambia sasa hivi."

Akaingia kambini. Nyati alikuwa anakula.

"Nyati! Mama yako anakusalimu. Mzima wa afya. Anasema kesho umfungie bao."

"Mama yangu huyo!" Nyati akapiga kwato chini kwa furaha. "Mwambieni atalipata!"

Nguchiro hakuweza kumtazama usoni.

Kesho yake Nyati alicheza kama aliyepagawa. Tii! Mpira ukapita katikati ya miguu ya Tembo, ukaingia golini. Umati ukalipuka. Nyati akakimbilia kwenye ua, kwa watazamaji, akipiga kelele, "La mama hilo! La mama!"

Kanga akamkodolea macho. "Mama yupi, Nyati? Tumemzika alfajiri. Tulikuita kwa Tajiri, hukuja."

Nyati akaenda katikati, pale ilipofukiwa dawa, akafukua kwa pembe, puu, puu, chungu kikatoka. Akakipasua. Ndani mlikuwa na mchanga mtupu.

Akamfuata Nguchiro mpaka ncha za pembe zikamgusa tumboni.

"Alikuwa ananiita, nawe ukaniletea salamu za uongo?"

Nguchiro alijua amekwisha. Lakini ulimi wake ulikuwa bado hai.

"Nichome, una haki. Ila ukishaniua utakwenda wapi? Shamba lako pori. Mpini wa jembe umeliwa na mchwa. Mvua zimepita. Hapa jikoni kuna uji wa moto."

Nyati akahema, huu, huu. Akawatazama wenzake. Wote wakainamisha vichwa, maana na mashamba yao yalikuwa hivyo hivyo.

"Mama yangu kafa na njaa," Nyati akasema, "na mimi huku nakula." Akarudi nyuma hatua moja, akaanguka chini akalia.

Asubuhi iliyofuata Nguchiro akapuliza baragumu la mazoezi, akihofia hatatokea mtu. Nyati akatoka wa kwanza, macho yamevimba, akaanza kuuzunguka uwanja mbio bila kumtazama yeyote. Nguchiro akashusha pumzi, akaenda kuonja uji.

Mimi nimeishia hapo, mwenye kulia na alie, ila shikeni hili: anayekulisha huku jembe lako linaoza hakulishi, anakufuga.