Sultani Aliyetaka Kukaa Katika Jedwali la Kuzidisha

Hapo zamani, mji wa Kirindini ukingali na sultani, alitawala Sultani Fumbawe, mtu wa kujipenda mno. Siku moja akapita chuoni, akasikia watoto wakiimba, "Mbili mara mbili, nne! Mbili mara tatu, sita!"

Akamwuliza mwalimu wao, Maalim Shekue, "Wanamsifu nani hawa?"

"Hawamsifu mtu, Bwana. Ni jedwali la kuzidisha."

"Waimbe kila siku, nami simo?" Sultani akaghadhibika. "Nitafutie nambari iwe ndiyo mimi. Ikizidishwa kwa yoyote isibadilike, na kila itakayokutana nayo igeuke iwe kama yenyewe. Ama sivyo, gerezani!"

Maalim akababaika, basi akafungwa. Waziri akajipendekeza, "Elfu, Bwana!"

"Elfu mara mbili?"

"Elfu mbili."

"Mpumbavu! Si nimebadilika?"

Ikawa Kombo Mapengo, fukara aliyekuwa akila kwa mke wa Maalim, akakuta jiko limezimwa na mama wa watu analia. Huruma na njaa zikamsukuma hadi barazani.

"Bwana, nambari yako ninayo. Ila kwanza mfungue Maalim."

"Afunguliwe. Haya, ikikutana na saba?"

"Hubaki yenyewe."

"Na laki?"

"Huimeza laki nzima, Bwana, wala haivimbi."

Sultani akafurahi hata asiulize jina. Kombo akachora duara mchangani, mafundi wakalidarizi kwa nyuzi za dhahabu, na bendera ikapandishwa juu ya jumba mbele ya umati.

"Isomeni!" akaamuru Sultani.

Watu wakaitika kwa sauti moja, "Sifuri!"

Sultani akamgeukia Kombo kwa hasira. "Ewe Kombo, umeniita si kitu?"

"Hasha, Bwana! Masharti ni yako, mimi nimetafuta tu. Anayetaka wote wageuke wawe yeye, jedwali zima lina kiti kimoja tu cha kumpa."

"Hapana kingine?"

"Kipo, cha moja. Moja nayo ina heshima yake, ila kila ikutanaye naye humwacha alivyo. Ukikitaka, Bwana, itabidi utuache tulivyo."

Sultani akaitazama bendera, akautazama umati uliokuwa ukiuma midomo usicheke. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka yeye kwanza, na alipocheka yeye, mji mzima ukapata ruhusa.